Inamumunyika kiasi gani? Misawazo ya awamu na vimumunyishi vya kijani

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Tu Youyou wa China alikuwa na mmea uliotajwa katika vitabu vya kale vya tiba, Artemisia annua, jamaa ya pakanga. Dondoo zilizopatikana kwa kuchemsha hazikufua dafu mbele ya malaria. Alipoacha kuchemsha na kutumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 35 tu za Selsiasi, dawa ikatoka. Artemisinini hiyo ndiyo iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Mmea ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni kimumunyishi na halijoto.

Tatizo ni kwamba etha hulipuka kwa cheche ndogo, na heksani, inayotumika sana viwandani kukamua mafuta na viambato vya mimea, huharibu neva za miguu na mikono ya anayeivuta kwa muda mrefu. Ndiyo maana wakemia wamekuwa wakisaka vimumunyishi vingine: hewa ukaa iliyogandamizwa, maji moto yaliyozuiwa yasichemke, ethanoli, limonini ya maganda ya machungwa, na michanganyiko ya yabisi mbili ambazo zikikutana hugeuka kimiminika. Hivi huitwa vimumunyishi vya kijani, na kila mwezi hutangazwa kipya ambacho “kinamumunyisha vizuri sana” kiambato fulani cha asili.

Vizuri kiasi gani? Kwenye nyuzi ngapi? Ikiwa katika umbo gani la fuwele? Bila majibu hayo, tangazo la namna hiyo halina uzito. Umumunyifu si sifa ya dutu peke yake, wala ya kimumunyishi peke yake. Ni nukta moja kwenye mchoro, na mchoro wenyewe ni wa msawazo kati ya awamu.

Awamu ni sehemu ya maada iliyo sawa kila mahali ndani yake: fuwele za kafeini ni awamu moja, maji yenye kafeini ni nyingine, mvuke ulio juu yake ni ya tatu. Weka kafeini nyingi majini, koroga, subiri. Molekuli zinatoka kwenye fuwele na nyingine zinarudi. Idadi ya zinazotoka ikilingana na ya zinazorudi, mmumunyo umeshiba, na hapo ndipo msawazo ulipo. Kila molekuli ina mwelekeo wa kutoroka kutoka awamu iliyomo, na wanathermodinamiki wanaupima mwelekeo huo kwa kitu kiitwacho fugasiti. Msawazo maana yake ni hii tu: fugasiti ya kafeini kwenye fuwele ni sawa na fugasiti ya kafeini kwenye mmumunyo. Vifaa na modeli zote zinazofuata zinahangaika na usawa huo mmoja.

Josiah Willard Gibbs, Mmarekani aliyeandika mambo haya katika miaka ya 1870, alitoa kanuni fupi ya kuhesabu ni vitu vingapi tuna uhuru wa kuvichagua: idadi ya dutu, toa idadi ya awamu, jumlisha mbili. Kafeini na hewa ukaa ni dutu mbili. Awamu zikiwa mbili, uhuru ni wa vitu viwili. Chagua halijoto na mgandamizo, na umumunyifu unajipanga wenyewe. Ukiongeza ethanoli kidogo, dutu zimekuwa tatu, kwa hiyo lazima utaje pia uwiano wa ethanoli. Sasa fikiria dondoo la jani lenye viambato mamia. Hakuna maabara duniani itakayopima kila mchanganyiko katika kila halijoto na kila mgandamizo. Hapo ndipo modeli zinapopata kazi, na hapo pia ndipo zinapopata nafasi ya kutudanganya.

Tuanze na hesabu rahisi kuliko zote. Ili fuwele imumunyike, kwanza ni lazima molekuli zake zivunje mpangilio wao, kama zinavyofanya fuwele ikiyeyuka kwa moto. Kwa hiyo tukijua kiwango cha kuyeyuka na joto linalohitajika kuyeyusha moli moja (moli ni kipimo cha wakemia cha kuhesabia molekuli), tunaweza kukadiria umumunyifu “halisia-bora”, yaani ule ambao ungekuwepo kama kimumunyishi hakikuipenda wala kuichukia dutu hiyo. Kafeini huyeyuka kwenye nyuzi 236 hivi, kwa joto la kilojuli 21 hivi kwa moli. Kwa nyuzi 25, hesabu inatoa moli 3 hivi za kafeini katika kila moli 100 za mmumunyo.

Angalia jambo moja la ajabu: jina la kimumunyishi halimo kwenye hesabu hiyo. Maji, ethanoli, limonini, jibu ni lilelile. Sasa tazama ukweli. Lita moja ya maji ya nyuzi 25 huchukua gramu 20 hivi za kafeini, sawa na chini ya moli 2 katika kila moli 1000. Ni pungufu ya kadirio kwa zaidi ya mara kumi na tano. Pengo hilo ndilo kisa chote cha kimumunyishi. Huandikwa kama kizidishi kiitwacho gama: kikiwa 1, molekuli hazibagui jirani, kikizidi 1, kimumunyishi kinaisukuma dutu nje, kikiwa chini ya 1, kinaivuta ndani. Anayedai amepata kimumunyishi bora anadai kwamba gama yake ni ndogo. Na afadhali aseme hivyo, kwa sababu dutu inayoyeyuka kwenye nyuzi 45 itamumunyika kwa wingi karibu popote, na sifa hapo ni ya fuwele dhaifu.

Hata mfano huu wa kafeini nimeurahisisha. Fuwele zake hubadili mpangilio zikipita nyuzi 140 hivi, kabla hazijayeyuka, na mabadiliko hayo nayo hula joto. Zaidi ya hapo, ukiiacha kafeini kavu ndani ya maji ya kawaida, fuwele zinazobaki chini ya chupa si zile ulizotia: zimenywa maji na kuwa haidreti. Umepima msawazo, ndiyo, lakini wa yabisi nyingine. Ndiyo maana mpimaji makini haishii kuchambua kimiminika. Huchukua pia mabaki, huyapiga miale ya eksirei au huyapasha kwenye kalorimita, kifaa kinachopima joto linaloingia na kutoka, na kuuliza ni nani hasa aliyebaki chini.

Upimaji wenyewe una njia mbili kubwa. Ya kwanza ni ya subira. Chupa ya kuta mbili, maji ya halijoto thabiti yakizunguka kati ya kuta hizo. Ndani yake kimumunyishi na dutu iliyozidi, sumaku ikikoroga kwa saa 24, 48, wakati mwingine 72. Kisha koroga inasimamishwa, yabisi inatuama, sampuli inachotwa, inachujwa, inazimuliwa na kupelekwa kwenye kromatografia, mashine inayotenganisha viambato na kupima kiasi cha kila kimoja. Ni kazi nyepesi kuieleza, na mitego imejaa pale inapoonekana nyepesi zaidi. Sindano ikiwa baridi kuliko chupa, fuwele huota ndani ya sindano na takwimu hushuka. Kichujio chenyewe hunasa sehemu ya dutu. Artemisinini ina daraja la atomi mbili za oksijeni ndani ya molekuli, na daraja hilo ndilo silaha yake dhidi ya malaria. Lakini joto hulivunja, hivyo kusubiri siku tatu kwenye nyuzi nyingi kunaweza kukupa umumunyifu wa dutu ambayo sehemu yake haipo tena. Kipimo cha kuaminika ni kile kilichofikiwa kutoka pande mbili: chupa moja imepashwa kutoka chini, nyingine imepozwa kutoka juu, na zote zimekutana kwenye namba ileile. Makala nyingi hazisemi kama hili lilifanyika. Huwa nazisoma kwa tahadhari.

Njia ya pili haichoti sampuli kabisa. Unapima uzito wa kila kitu mwanzoni, unafunga, kisha unabadilisha halijoto au mgandamizo mpaka awamu moja itoweke. Kwa hewa ukaa, chombo ni silinda nene ya chuma cha pua yenye dirisha la yakuti na pistoni inayosogea. Ndani mnaonekana kimiminika angavu. Mpimaji anarudisha pistoni nyuma taratibu, mgandamizo unashuka, na ghafla taa iliyo nyuma ya dirisha inafifia: ukungu mweupe umejaa chumba kizima kwa kufumba na kufumbua. Anasoma kipimo, anasukuma pistoni mbele, ukungu unafutika. Anarudia, safari hii polepole zaidi, mpaka namba ziache kuhama. Mgandamizo huo ni nukta moja ya mchoro. Uzuri wa njia hii ni kwamba hakuna kinachovuja wakati wa kuchota. Ubaya wake ni kwamba haikuambii kila awamu imebeba nini, na kwa mchanganyiko wa dutu tatu au zaidi huo ni upungufu mkubwa.

Hewa ukaa inastahili kukaliwa kidogo, maana ndiyo iliyofundisha fani hii unyenyekevu. Ikipita nyuzi 31 na megapaskali 7.4, karibu mara 73 ya mgandamizo wa angahewa, mpaka kati ya kimiminika na gesi hufutika. Inakuwa kitu kimoja kilichovuka kizingiti, kinachopenya kama gesi na kubeba kama kimiminika. Kwamba vitu vya namna hii humumunyisha yabisi kulionyeshwa na Hannay na Hogarth huko Uingereza mwaka 1879. Karibu karne moja baadaye, katika miaka ya 1960, Kurt Zosel wa taasisi ya Max Planck mjini Mülheim, Ujerumani, akagundua kuwa hewa ukaa ya aina hiyo huondoa kafeini kwenye kahawa.

Sasa swali: ukiipasha hewa ukaa hiyo, itabeba kafeini zaidi au kidogo? Jibu linategemea ulipo. Kwenye nyuzi 40 na megapaskali 10, densiti yake ni kilo 630 hivi kwa mita ya ujazo. Panda hadi nyuzi 60 bila kugusa mgandamizo, densiti inaporomoka hadi kilo 290 hivi. Molekuli za kubebea zimepungua kwa zaidi ya nusu, na umumunyifu unaanguka ingawa umeongeza joto. Rudia jambo hilohilo kwenye megapaskali 20: densiti inatoka 840 kwenda 724 tu, hasara ndogo, huku mwelekeo wa kafeini kutoroka kwenye fuwele ukiwa umeongezeka sana. Kuna mgandamizo fulani ambapo mistari ya halijoto mbalimbali hukatana. Chini yake joto linapunguza umumunyifu, juu yake linaongeza. Anayesema tu kwamba “joto husaidia” amepima upande mmoja wa makutano hayo.

Mwaka 1982 Chrastil alipendekeza mlinganyo mwepesi: logi (logarithmu) ya umumunyifu hupanda kwa mstari mnyoofu ukiilinganisha na logi ya densiti, na halijoto huongeza sehemu yake pembeni. Vigezo vitatu, basi. Unaisifu au unaishutumu kutegemea unaitakia nini. Inapanga takwimu zilizopo vizuri ajabu, na nukta iliyopimwa vibaya hujitokeza nje ya mstari mara moja. Lakini haijui lolote kuhusu molekuli. Haiwezi kukutabiria dutu ambayo hujaipima.

Wanaotaka kutabiri hugeukia milinganyo ya hali, inayofunga pamoja mgandamizo, halijoto na ujazo, ukoo ulioanzia kwa van der Waals mwaka 1873 na ambao mzao wake maarufu kuliko wote ni ule wa Peng na Robinson wa mwaka 1976. Ulitungwa kwa ajili ya gesi asilia, yaani molekuli ndogo, za duara-duara, zisizo na makuu. Ili uutumie unahitaji halijoto na mgandamizo wa kizingiti cha kila dutu. Kwa methani hilo ni jambo la kufungua jedwali. Kwa artemisinini haliwezekani: molekuli itakuwa imesambaratika zamani kabla haijakifikia kizingiti chake. Basi watu hukadiria, kwa kujumlisha mchango wa kila kikundi cha atomi, kama njia ya Joback na Reid ya 1987 inavyofanya. Mgandamizo wa mvuke wa yabisi nao ni mdogo mno kupimika kirahisi, hivyo nao hukadiriwa. Mwisho huongezwa kigezo cha mwingiliano kati ya dutu na kimumunyishi, na hicho hurekebishwa mpaka mstari upite kwenye nukta zilizopimwa. Makosa yote ya makadirio yaliyotangulia humezwa na kigezo hicho kimoja. Mstari unapendeza; maana ya kigezo imepotea.

Modeli za baadaye zimejaribu kuiheshimu molekuli zaidi. PC-SAFT ya Gross na Sadowski, iliyochapishwa mwaka 2001, huichukulia kama mnyororo wa shanga zinazovutana, na huruhusu baadhi ya shanga kushikana mikono kwa vifungo vya haidrojeni, jambo ambalo Peng na Robinson hawakulihitaji na viambato vya mimea haviishi bila hilo. COSMO-RS, aliyoianzisha Andreas Klamt mwaka 1995, huenda njia nyingine kabisa: kompyuta huhesabu kwa fizikia ya kwanta jinsi chaji ya umeme ilivyotandazwa kwenye uso wa kila molekuli, kisha huuliza nyuso zipi zinapendana. Haihitaji takwimu hata moja ya mchanganyiko husika. Kwa kupepeta vimumunyishi mia tano na kubakiza kumi vya kupimwa, sijui kilicho bora zaidi. Kwa kukupa namba ya kusanifia mtambo, hapana. Na bado utahitaji kiwango cha kuyeyuka na joto la kuyeyuka la yabisi yako, ambavyo hakuna hesabu ya kwanta ya nyuso itakayokupa. Vinatoka kwenye kalorimita.

Umuhimu wa kipimo hicho kidogo unaonekana wazi kwenye vimumunyishi vinavyovuma siku hizi, michanganyiko ya yutektiki, yaani ile ya yabisi mbili zinazogeuka kimiminika zikikutana. Mwaka 2003 Abbott na wenzake walionyesha kuwa kloridi ya kolini na urea, yabisi mbili nyeupe, zikichanganywa kwa uwiano wa moli 1 kwa 2 huyeyuka kwenye nyuzi 12. Urea peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 133, na kloridi ya kolini ilitajwa kuwa na 302. Anguko hilo liliipa jina la yutektiki ya kina kirefu. Mwaka 2011 watafiti wa Leiden, Uholanzi, wakapendekeza kuwa mimea yenyewe huenda hutumia michanganyiko kama hiyo, ya sukari, asidi na amino asidi, kuhifadhi vitu visivyopenda maji wala mafuta. Tangu hapo kila yabisi mbili zilizolowana zikapewa jina hilo.

Ila kina hupimwa kutoka wapi? Karibu michanganyiko yote ya yabisi mbili hushusha kiwango cha kuyeyuka, hata isiyo na mapenzi yoyote ya pekee. Ile hesabu yetu ya awali inasema kwa kiasi gani. Kina cha kweli ni umbali kati ya mstari huo na mstari uliopimwa. Kloridi ya kolini, kwa bahati mbaya, huoza wakati wa kuyeyuka, kwa hiyo 302 si namba ya kuegemea, na hesabu ikifanywa kwa makini, mchanganyiko wake na urea unaonekana kutopotoka sana kutoka mstari halisia-bora. Thimoli na mentoli, ambazo wengi waliziona za kawaida kwa kuwa zote huyeyuka chini ya nyuzi 55, ndizo zinazopotoka kwa nguvu: thimoli hutoa haidrojeni yake kwa urahisi na mentoli huipokea kwa hiari. Bila mchoro kamili wa yabisi na kimiminika, kutoka asilimia 0 hadi 100 ya kila dutu, jina lingeenda kwa asiyestahili. Uwiano wa 1 kwa 2 peke yake ni nukta moja tu ya mchoro huo.

Kupima umumunyifu ndani ya michanganyiko hii ni adha. Mnato wa ule wa kolini na urea ni mamia ya mara ya ule wa maji, sumaku inakwama, na msawazo unaweza kuchukua siku kadhaa ukionekana kila siku kuwa umefika. Mchanganyiko hunyonya unyevu hewani. Maji kidogo yakiingia mnato unashuka, kazi inakuwa rahisi, na kimumunyishi kimeshakuwa kingine bila mtu kukusudia. Kipimo kisichotaja kiasi cha maji kwenye sampuli kina thamani ndogo, hata kama kina tarakimu nne baada ya nukta.

Nikipewa karatasi ya utafiti wa aina hii, naanzia kwenye jedwali kabla ya kutazama mchoro wenye mistari mizuri. Modeli sita zilizolinganishwa kwa nukta 20, kila moja ikiwa na vigezo vitatu au vinne na ikitangaza kosa la asilimia chache, hazijatabiri chochote. Zimepinda mpaka zikafuata. Jaribio la haki ni kuficha halijoto moja nzima, kurekebisha vigezo kwa zilizobaki, kisha kuona modeli inasema nini kuhusu iliyofichwa. Wanaofanya hivyo wapo, na kosa lao huwa kubwa kidogo kuliko la wenzao. Naliamini zaidi.

Kisha linakuja jani, au punje, au gome. Kafeini safi ndani ya hewa ukaa humumunyika chini ya moli 1 katika kila 1000, lakini hata kiasi hicho hakipatikani ukipitisha hewa ukaa kwenye punje kavu za kahawa. Kafeini humo imeshikamana na asidi ya klorojeniki. Ni lazima punje zilowanishwe kwanza, maji yaiachilie, ndipo hewa ukaa iibebe. Mchoro wa dutu mbili unakupa dari: kiwango ambacho kwa kawaida hutakipita. Umbali kati ya dari hiyo na unachokipata mtamboni unatokana na mmea wenyewe na kasi ya upenyaji, na hauna modeli ya msawazo ya kuueleza.

Na dondoo likishapatikana, litatokaje kwenye kimumunyishi? Kwa hewa ukaa inatosha kushusha mgandamizo: densiti inaanguka, umumunyifu unaanguka nao, kafeini inabaki chini au inanaswa na maji na mkaa. Mchanganyiko wa yutektiki wenye mvuke karibu na sifuri hauwezi kufukuzwa kwa joto, hivyo mara nyingi humiminwa maji ili kiambato kikose pa kukaa na kujitenga. Kiasi gani cha maji, kwenye nyuzi ngapi, na nishati gani ya kuyaondoa maji hayo baadaye ili kimumunyishi kitumike tena? Hapo dutu zimekuwa nne, na kwa michanganyiko mingi inayoitwa ya kijani mchoro huo wa dutu nne bado haujachorwa.